Wanaume Sitini na Watatu wa Nyakirenda

Hapo zamani, wala si zamani ya masultani na majini, ni zamani hii ya juzi ambayo watoto wake ndio kwanza wanaota meno, palikuwa na mwanamke msomi aliyeitwa Nakiete. Kwao ni milimani Upare. Kazi yake ilikuwa kuhesabu wanaume na wanawake.

Msicheke. Ndugu zake walishacheka kabla yenu. Siku aliyofanyiwa sherehe ya kupata udaktari wa vitabu, mjomba wake alisimama mbele ya wageni akauliza kama kweli mtu anahitaji kukaa darasani miaka ishirini ili aweze kutofautisha jogoo na tetea. Watu wakacheka, Nakiete naye akacheka, akaendelea na pilau yake. Alijua anachokijua. Kuhesabu vichwa anaweza yeyote mwenye vidole. Yeye alihesabu mizigo iliyokaa juu ya vichwa hivyo: nani anachota maji, nani anatafuta kuni, shamba limeandikwa jina la nani, ng'ombe akiuzwa nani anaulizwa kwanza, mtoto akiugua nani anakosa kazi. Usomi huo unaitwa sosholojia. Ni usomi wa kuchungulia mambo ya watu kwa kibali cha serikali.

Miaka ishirini na mbili aliifanya kazi hiyo katika ofisi moja ya utafiti. Alianza na makaratasi, akahamia kompyuta, akaishia kwenye vishikwambi, vile vibao vya kioo ambavyo karani anavigusa kwa kidole na majibu yanaruka yenyewe mpaka ofisini. Aliandika ripoti nyingi. Kila ripoti ilizinduliwa kwa hotuba na soda, ikapigwa picha, ikaingizwa kabatini. Wenzake aliosoma nao walikuwa na madereva. Yeye alikuwa na miwani minene na majedwali. Hakulalamika sana, ila kitu kimoja alikitaka kabla ya kustaafu: aone hesabu yake, hata moja, imegeuka tofali.

Na mwaka huo tofali lilikaribia. Ukaja mradi wa kujenga wodi za wazazi, kijiji kimoja kila wilaya, na sharti lake lilitoka katika ripoti za Nakiete mwenyewe. Aliwahi kuonyesha kwa namba kwamba mama asiye na mwanamume nyumbani ndiye anayefika hospitali wa mwisho, maana hana wa kumtuma kutafuta pikipiki. Basi wakubwa wakasema wodi ijengwe penye nyumba nyingi zaidi zinazoongozwa na wanawake. Makarani wakatumwa vijijini. Wakahesabu, wakarudi, majedwali yakatoka.

Katika kuyasoma, Nakiete alifikia wilaya moja ya kule juu, kaskazini, karibu na mpaka, yenye vijiji kumi na vinne. Kijiji kinachoitwa Nyakirenda kilikuwa cha kumi kwa wingi wa nyumba zinazoongozwa na wanawake. Angeweza kukiruka. Lakini alikuwa na tabia ya kusoma hata safu ambazo hakuna anayezisoma, akasoma ya wazee. Nyakirenda, watu waliozidi miaka sitini: wanaume mia moja na tisa, wanawake ishirini na mmoja.

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Wale mia moja na tisa hawakupungua.

Sasa nyinyi mnaijua dunia. Mabibi ndio wanaobaki. Mababu hufa kwa pombe, hufa kwa ubishi, hufa kwa kukataa kwenda hospitali mpaka wabebwe. Nakiete alihesabu vijiji mia tatu na zaidi na hajaona hata kimoja ambapo mabibi wamekufa wakaacha mababu wanapalilia mahindi. Akajiambia mambo ni mawili: ama Nyakirenda kuna ugonjwa unaoua wanawake wazee na hakuna aliyeutangaza, ama kuna mtu amedanganya.

Akaenda kwa mkuu wake. Mkuu akamwambia asisumbuke, kompyuta ina njia ya kulainisha namba zenye makunyanzi, na isitoshe orodha ya vijiji inafungwa Ijumaa ya wiki inayofuata saa sita mchana. Nakiete akajibu kwamba yeye ana makunyanzi pia na hajalainishwa. Akaomba siku nne. Akapewa kwa shingo upande.

Alipofika Nyakirenda mtendaji wa kijiji alimtambulisha kuwa ni daktari kutoka makao makuu, na kabla hajakaa mzee mmoja alishapandisha suruali kumwonyesha kidonda cha mguu. Nakiete akamweleza kwamba udaktari wake ni wa vitabu. Mzee akashusha suruali, akauliza kama vitabu navyo huumwa, akaondoka amenuna.

Karani aliyehesabu kijiji hicho alikuwa mwalimu wa shule ya msingi ya hapohapo, mzaliwa wa hapohapo, mwanamke wa miaka kama thelathini na mitano aitwaye Matinde. Nakiete akamwomba ampeleke akawaone wale wazee wanaume mia moja na tisa, au hata nusu yao. Mwalimu Matinde akafuta matope kwenye viatu vyake kwa jani. Halafu akasema, twende.

Nyumba ya kwanza akatoka bibi. Nyumba ya pili akatoka bibi. Nyumba ya tatu alitoka mtu mwenye kofia ya pama na kiko mdomoni, Nakiete akapata tumaini kidogo, kumbe ni bibi. Katika kishikwambi wote watatu walikuwa wanaume. Nyumba ya nne Nakiete hakusubiri tena atoke mtu, alikaa kwenye kigoda uani akasema haondoki mpaka aelezwe.

Mji ule, yaani boma lile zima na watu wake, ulikuwa wa Bibi Robi. Mwanamke wa miaka sabini na kitu, mrefu, mkavu, mwenye macho ya kumpima mtu kama anayenunua ng'ombe. Ndiye aliyeeleza, na alieleza huku akisafisha kibuyu cha maziwa, kana kwamba anamweleza mtoto njia ya kwenda kisimani.

"Mimi nilizaa mabinti wanne, wakaolewa wote, ng'ombe wao wakaingia zizini," alisema. "Mume akafa. Hapa kwetu nyumba isiyo na mtoto wa kiume inafungwa, na mashemeji wanagawana shamba kabla matanga hayajaanuliwa. Basi nikatoa ng'ombe wanane, nikaoa."

"Ukamwoa nani, bibi?"

"Nikamwoa Nyanswi. Yule pale anachambua maharage. Ana bwana aliyemchagua mwenyewe, bwana huyo huja na kwenda, hayanihusu. Watoto ni wa mji huu, wanaitwa kwa jina la marehemu. Mimi ndiye mwenye mji. Kuna lingine?"

Halikuwapo lingine. Nakiete alikuwa amesoma habari za nyumba za namna hiyo akiwa mwanafunzi, kurasa mbili, akafanyia mtihani akasahau. Sasa alikuwa amekaa kwenye kigoda cha mojawapo. Akamgeukia Mwalimu Matinde, akamuuliza ilikuwaje mabibi wakageuka wanaume.

Ilikuwa hivi. Siku ya kwanza ya kuhesabu, Matinde alianza kwa Bibi Robi. Akaandika mkuu wa kaya: Robi, mwanamke. Mashine ikakubali. Akaandika mtu wa pili: Nyanswi, mwanamke, mke wa mkuu wa kaya. Mashine ikakataa, ikaweka maandishi mekundu. Akafuta, akaandika Nyanswi ni mkwe. Mashine ikauliza mtoto wa kiume wa mkuu wa kaya yuko wapi. Akaandika hayupo, hajawahi kuwapo. Mashine ikakataa. Akafuta, akaandika Nyanswi ni ndugu. Mashine ikauliza basi hawa watoto watatu ni wa nani na baba yao ni nani kati ya waliotajwa. Mashine ikakataa. Na mashine ile ilikuwa na kiburi, usipoimaliza nyumba moja haikupi nyingine. Saa mbili zikaisha. Matinde akapiga simu ofisini kuomba msaada, sauti moja ikamwambia ajaze kinachokubalika, ikakata.

Bibi Robi alikuwa na ng'ombe wa kukamua. Akasema, "Andika mwanamume tumalize. Mwenye mji ni nani hapa, si mimi?"

Matinde akaandika mwanamume. Mashine ikawa kijani kibichi, ikapita. Nyumba sitini na mbili nyingine akazipitisha vivyo hivyo, mpaka bibi wa kiko na kofia.

"Ila yale ya kweli sikuyatupa," Matinde alisema. Akatoa kwenye mkoba daftari la shule lenye jalada la kaki. Nyumba kwa nyumba, jina kwa jina, mwandiko wa mwalimu: nani ameoa nani, kwa ng'ombe wangapi, watoto wangapi, na nani amewahi kujifungulia njiani.

Nakiete akalisoma daftari lile pale pale uani, na kadiri alivyosoma ndivyo alivyokuwa mdogo kwenye kigoda. Maana yale maandishi mekundu aliyajua. Miaka kumi na mmoja nyuma makarani walikuwa wazembe, wanaandika wanawake kuwa wanaume na watoto kuwa babu zao, na yeye, kwa bidii yake, ndiye aliyetunga kufuli, yaani sharti la ndani ya mashine: mkuu wa kaya akiwa mwanamke, asikubaliwe kuwa na mke. Alisifiwa kwa kufuli lile. Alipewa cheti, na cheti kipo ukutani kwake mpaka leo, kimetiwa fremu.

Angeweza kunyamaza. Nani Nyakirenda angejua? Lakini alisema.

"Kufuli hilo ni langu. Nililitengeneza mimi."

Bibi Robi akamtazama, kisha akafanya jambo ambalo Nakiete hakulitegemea. Alimshukuru.

Alikuwa na sababu. Alikuwa na shemeji aitwaye Mzee Gesabo, ndugu wa marehemu mumewe, ambaye kwa miaka kumi na minne alikuwa anapita pembeni ya shamba lile akilitazama kama paka anavyotazama samaki anayeparuliwa. Kila kikao cha ukoo aliuliza: katika nyumba ile mwanamume ni nani? Na sasa, kwa mara ya kwanza, Robi alikuwa na jibu la serikali. Karatasi ambayo karani huiacha katika kila nyumba aliyoihesabu ilisema mkuu wa kaya ni mwanamume. Aliibandika juu ya mlango. Mzee Gesabo alikuja, akaisoma mara mbili, akaenda zake.

Nakiete akaeleza la wodi. Kwamba Nyakirenda ilitakiwa kuwa ya kwanza, imekuwa ya kumi kwa sababu ya wanaume sitini na watatu wasiokuwapo. Kwamba daftari la mwalimu peke yake halitoshi, wilayani watasema ni hadithi za kutunga. Kwamba kila mwenye mji lazima atie dole gumba kwenye karatasi mpya inayosema: mimi ni mwanamke, nyumba hii naiongoza mimi, na mwanamume hakuna. Na siku zilizobaki ni tatu.

Kibuyu kikaacha kusuguliwa.

Bibi Robi alielewa upesi kuliko wasomi wengi. Alitakiwa atie dole kwenye maneno yaleyale ambayo shemeji yake ameyatafuta kwa miaka kumi na minne. Akasema hapana. Akasema wodi ni nzuri, lakini wodi hailimwi. Nakiete hakumbembeleza, maana hakuwa na cha kumpa, na alijua kwamba angekuwa yeye asingetia hata ukucha. Aliaga, akaenda kulala kwa mwalimu.

Kilichotokea katika mji ule jioni hiyo kilisimuliwa baadaye na Nyanswi mwenyewe. Hawakugombana. Nyanswi alimaliza maharage, akayapeleka jikoni, akarudi, akamwambia mwenye mji kwamba kama ni shamba, yeye atalima hata la kukodi. Lakini mtoto wake wa pili alizaliwa juu ya pikipiki katikati ya mto ukiwa umejaa, akafa kabla ya ng'ambo, na yeye Nyanswi bado anakumbuka nani aliyemshika mkono siku hiyo. Aliyemshika mkono ni Robi, akiwa ndani ya maji mpaka kiunoni.

Kesho yake mwenyekiti aliitisha mkutano wa kijiji. Watu walijaa, Mzee Gesabo alikaa mbele na mkongojo wake. Bibi Robi aliingia ameshika ile karatasi aliyoibandua mlangoni. Akasimama mahali ambapo shemeji yake angemwona vizuri.

"Gesabo, umeuliza miaka mingi. Leo nakujibu mbele ya watu ili usiseme hukusikia. Katika nyumba yangu mwanamume hayupo. Niko mimi. Ng'ombe wanane nilitoa mimi, waliohesabu wako hapa wanatafuna miwa. Ukitaka shamba njoo ulidai, utanikuta nalima."

Akatia dole kwenye wino, akalikandamiza kwenye karatasi. Bibi wa kiko akavua kofia, akamfuata. Kisha wa tatu, kisha wa kumi, kisha wote. Kufikia saa tisa madole sitini na matatu yalikuwa yamekauka, na wino wa mtendaji umekwisha.

Haikuisha hapo. Ijumaa asubuhi Nakiete na Mwalimu Matinde walikuwa wilayani, mbele ya afisa mmoja mwingi wa maneno aitwaye Bwana Lwitiko. Alilisoma daftari, akayatazama madole, akasema namba ni namba, zimeshapita. Akauliza, na swali lake lilikuwa la haki: mwalimu aliapa kuandika ukweli, akaandika uongo mara sitini na tatu, leo anakuja na daftari kusema huu ndio ukweli. Amwamini Matinde yupi, wa mashine au wa daftari?

Matinde akasema amwadhibu wa mashine na amwamini wa daftari. Alisema hivyo huku anajua adhabu ya karani aliyevunja kiapo. Afisa akaiandika kauli hiyo vizuri sana, kwa kalamu nyekundu.

Bado hakutosheka. Akasema lazima makao makuu waseme kosa lilianzia wapi. Ndipo Nakiete akaomba karatasi. Aliandika kurasa tatu kwa mkono. Aliandika kwamba kufuli ni lake, kwamba limekuwa likifanya kazi miaka kumi na mmoja katika wilaya zote, kwamba ripoti zake zote za miaka hiyo kuhusu nyumba za wanawake zina shimo ambalo hajui kina chake. Na wiki hiyo hiyo, sikilizeni, wiki hiyo hiyo, jalada lake la kupandishwa kuwa profesa wa utafiti lilikuwa juu ya meza ya wakubwa, nalo lilijaa ripoti hizohizo. Akatia sahihi. Ilikuwa saa tano na dakika arobaini.

Bwana Lwitiko akazisoma kurasa zile mpaka mwisho. Akagonga mhuri. Nyakirenda ikatoka ya kumi ikawa ya kwanza.

Wodi ikajengwa. Ilichukua miezi kumi, mabati ya kijani, vitanda sita, tangi la maji, na mkunga anayekaa hapohapo. Kabla rangi haijakauka, mke wa yule bibi wa kiko alikuja kujifungua, akapata pacha. Mafundi waliambiwa waende kupiga nyundo kwingine.

Na kila mmoja alilipa chake. Mwalimu Matinde alipata barua ya onyo, akafutwa katika orodha ya makarani, akahamishiwa shule ya upande wa pili wa wilaya, kule ambako barabara huisha kabla ya shule. Mama yake mzee alibaki Nyakirenda peke yake. Bibi Robi alishtakiwa na Mzee Gesabo katika baraza la kata, na karatasi ya dole ndiyo iliyokuwa ushahidi. Baraza likasikiliza mashahidi wa ng'ombe wanane, likasema mji ni wa Robi na watoto ni wa Robi. Ila kipande cha mtoni, chenye migomba yake bora, likakitoa kwa ukoo ili watu wapoe. Nakiete jalada lake likarudishwa na kiambatisho cha mistari miwili ya kumkatalia. Alistaafu akiwa vilevile alivyokuwa. Lakini kufuli liliondolewa nchi nzima, na katika wilaya nyingine nazo zikaanza kuonekana nyumba ambazo kwa miaka kumi na mmoja hazikuwapo, moja hapa, ishirini pale. Waliobaki ofisini waliendelea kuzihesabu. Alilisikia hilo, na wanaomjua wanasema alikata kipande kikubwa cha keki ya kustaafu akala chote.

Sasa ndipo tunapofika kwenye mtihani.

Juu ya mlango wa wodi mafundi walipachika ubao. Fundi rangi akaandika WODI YA WAZAZI, akaacha nafasi chini. Nafasi ya jina moja. Mwenyekiti akaitisha mkutano, wakaalikwa Nakiete na Mwalimu Matinde, wakaja. Mzee Gesabo ndiye aliyeanza, akasema wodi iitwe kwa jina la ukoo wake kwa kuwa ukoo una historia. Wanawake wakamzomea mpaka akakaa, na alipokaa alikosea kiti.

Watu wakagawanyika mafungu matatu. Mtendaji akaona wataumizana, akasema wenyewe waseme, kila mmoja ataje haki yake bila haya.

Nakiete akasema, "Ninyi mlikuwa mnajijua. Mashine haikuwajua, na makao makuu hayakuwajua. Watu kumi waliliona jedwali lile na wote walilipita. Mimi nilisimama. Nisingesimama, mngekuwa wanaume mpaka leo, na wodi ingekuwa mbali huko, kwa watu msiowajua. Tena kosa langu nililiandika mwenyewe, hakuna aliyenikamata."

Fungu lake likapiga makofi. Bibi wa kiko akatoa kiko akauliza: aliyefunga mlango miaka kumi na mmoja, watu wakanyeshewa nje, leo apewe zawadi kwa sababu amekumbuka alipoweka ufunguo?

Mwalimu Matinde akasema, "Daktari alisimama, ni kweli. Angesimama akakuta nini? Kama nami ningejaza kinachokubalika na kwenda kulala, angekuta mabibi sitini na watatu na siku tatu za kuwahoji. Asingemaliza hata ishirini. Mimi niliandika kila nyumba wakati hakuna aliyeniuliza, hakuna aliyenituma, na hakuna aliyeniahidi kwamba daftari litasomwa. Na nyumba niliyozaliwa mimi, wengine mnajua, ni nyumba ya namna hiyo. Sikutaka mama yangu apotee kwa sababu ya kioo."

Fungu lake likapiga vigelegele. Mtu mmoja wa nyuma akasema kwa upole kwamba pamoja na hayo, mkono ulioandika uongo sitini na tatu ni wa mwalimu, na daftari alilikalia kimya mpaka alipoulizwa. Asingekuja daktari, lingeishia kuwashiwa moto.

Bibi Robi akainuka wa mwisho. Hakuwahi kusema maneno mengi, na siku hiyo hakuanza.

"Hawa wawili walileta karatasi. Karatasi bila dole ni ya kufungia sukari. Wao walihatarisha vyeo, na cheo mtu hazaliwi nacho. Mimi nilihatarisha mji. Migomba yangu ya mtoni naiona kila siku ikiliwa na Gesabo. Nilitangulia mimi, wengine wakafuata. Nisingetangulia, nani angetangulia?"

Fungu lake, ambalo ni mabibi sitini na wawili, halikupiga makofi wala vigelegele. Walisimama tu. Lakini mwenyekiti, ambaye alikuwa mwoga siku zote isipokuwa siku hiyo, akakohoa akasema ilibidi lisemwe: aliyemwambia karani aandike mwanamume ni Bibi Robi. Na alipoambiwa habari ya wodi, jibu lake la kwanza lilikuwa hapana. Aliyembadilisha ni Nyanswi, na Nyanswi yuko pale amembeba mtoto mgongoni, hakuna aliyemuuliza kitu.

Watu wote wakamgeukia Nyanswi. Nyanswi akasema yeye jina lake hajui hata linavyoandikwa na hataki litundikwe juu ya mlango linyeshewe, anachotaka ni mkutano uishe, mtoto amelowa.

Basi mkutano haujaisha. Fundi rangi yuko juu ya ngazi tangu asubuhi, brashi ameshaichovya, rangi inamdondokea kwenye kiwiko, na nafasi kwenye ubao ni ya jina moja, haipanuki. Aliyeona, aliyetunza, aliyetangulia. Kila mmoja alikosa, kila mmoja alilipa, na bila yeyote kati yao pasingekuwa na mlango wa kuandika juu yake.

Nyinyi mmekaa mnanitazama kama mlioletewa chakula. Mtendaji anangoja jibu, fundi anangoja jibu. Haya, semeni: aandikwe nani?